Fungua Mdomo

Mzee alikuwa na miezi kumi, na asubuhi ile alining'inia kwenye mizani ya kliniki kama kifurushi cha mboga, miguu yake miembamba ikichungulia kwenye matundu ya suruali ya kupimia. Hakulia. Mama yake alitamani alie, maana watoto wote waliotangulia kwenye foleni walikuwa wamepiga kelele mpaka watu wakacheka, na kelele zile zilionekana kuwa dalili ya nguvu. Mzee alitazama tu mshale wa mizani, kama naye alikuwa akisubiri jibu.

Jina hilo la utani alipewa na bibi yake siku alipozaliwa, kwa sababu alikuja duniani na mikunjo kwenye paji la uso na uso wa mtu mwenye madai. Mikunjo haikuondoka. Sasa ilikuwa imeshuka mpaka mapajani.

Nesi aliweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukashuka. Akauliza mtoto anakula nini, na mama akajibu bila kusita, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Uji wa karanga, yai lililopondwa ndani yake, nusu kikombe mara nne kwa siku, na titi juu yake. Uji mzito.

"Mzito kiasi gani?"

"Nikiinamisha kijiko haukimbii."

Nesi aliinua macho. Akataka kujua nani kamfundisha. Mama akaeleza kwamba yeye ni mpishi wa shule ya watoto wadogo, na chati ya chakula cha watoto kwa umri wao imebandikwa jikoni kwake, juu ya karo la kuoshea vyombo. Ameisoma miaka mitatu. Angeweza kuisema kwa kuimba.

"Basi nikwambie ukweli, mama," nesi alisema, akipunguza sauti ingawa benchi zima lilikuwa limesogeza masikio. "Mtoto anayekula hivyo hawezi kuwa na uzito huu. Homa hana, haharishi, vipimo vyake ni safi. Chakula unapika. Sasa jiulize kinakwenda wapi."

Kando yao alisimama binti mkubwa wa mama huyo, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye kila mtu, hata wazazi wake, walimwita Dada. Alikuwa ameshika mkoba wa nepi. Nesi alimvuta karibu, akamshusha kope la chini kwa kidole gumba, akatazama wekundu ambao haukuwapo. Akasema umri huu nao ni umri wa kukua mbio, wala haupitwi mbali na uchanga. Kwamba msichana wa hivi anahitaji sahani inayokaribia ya mtu mzima, na maharage, na mboga za majani, na nyama ikipatikana. Akauliza kama anakula.

"Anakula," mama alisema.

Lakini hakuwa amesikia vizuri. Kichwani mwake lilikuwa limebaki swali moja tu, kinakwenda wapi, na macho yake, yakiufuata mkono wa nesi, yakatua kwenye uso wa Dada na kukaa hapo. Wakapewa wiki mbili. Kama mstari hautapanda, Mzee atalazwa wodi ya lishe, na mama atalala naye huko mpaka mtoto apone. Mama aliuliza habari ya kazi yake. Nesi alisema, bila ubaya, kwamba hilo si yeye wa kulijibu, akaita mtoto mwingine.

*

Kila alfajiri mama aliamka kabla ya wote, akatwanga karanga, akapika sufuria ya uji wa siku nzima, akaifunika na kuondoka. Mama mkwe wake alimlisha Mzee asubuhi, kisha akaujaza uji uliobaki kwenye chupa ya chai ili usipoe. Dada alirudi shuleni mchana, akampokea bibi yake ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, akamimina na kumlisha mdogo wake mara zilizobaki. Baba alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku. Mchana kutwa alikuwa nyuma ya pazia, amelala, na nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Mama aliporudi, Mzee alikuwa ameshashiba, ananyonya na kusinzia.

Jioni ile ya kliniki alianza na mkwewe, kwa adabu, akizunguka mbali kabla ya kufika. Bibi hakukasirika. Alimpakata Mzee, akamfuta pua.

"Mume wangu huyu? Anamaliza kikombe mpaka anachungulia chini kama kuna kingine. Mimi sijawahi kumwaga hata tone."

Alikuwa anasema kweli, na ilionekana kuwa anasema kweli. Mama akageuka. Dada naye alisema anamlisha chote. Mama akauliza kama yeye mwenyewe haonji. Msichana alitazama vidole vya miguu yake muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu asiye na hatia.

"Huwa nalamba kijiko."

"Kulamba kijiko hakupeleki mtu mahakamani," sauti ya baba ilitoka nyuma ya pazia.

"Wewe si umelala?"

"Nimelala."

Kibonge, mtoto wao wa miaka minne, alicheka peke yake. Huyu ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba, mashavu kama maandazi, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kumfinya. Mama hakucheka. Alimwambia Dada asogee, akamwambia, fungua mdomo. Akainama akamnusa, kama mtu anavyonusa maziwa asiyoyaamini. Kulikuwa na karanga, kidogo, mbali, lakini zilikuwapo.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Mama aliingia jioni, na kabla hajatua mkoba, Dada alikuwa ameshasimama mbele yake, uso juu, macho amefumba, mdomo wazi. Siku ya pili karanga hazikunuka, wala ya tatu, kwa kuwa kijiko sasa Dada alikisuuza kwa maji mara tu alipokitoa mdomoni mwa mdogo wake. Badala ya kutulia, mama alizidi kuhangaika. Mtu anayeficha si ndiye anayesafisha?

Kisha Dada akaanza kubakiza chakula. Alifikiri kwamba mtu asiyekula hawezi kuitwa mlafi, kwa hiyo kila jioni aliacha nusu ya sahani yake na kuisukuma kwa Kibonge. Mama aliitazama ile nusu. Akaona ushahidi. Mtoto aliyeshinda na njaa, alijisemea, habakizi.

*

Jumapili ilikuwa siku ya mama kuwa nyumbani. Kwa kawaida alifua na kumwachia Bibi kulisha; Jumapili hii alitaka kulisha mwenyewe. Alikaa mkekani, akamweka Mzee mapajani, akachota uji wake mwenyewe, ule usiokimbia kwenye kijiko. Mzee alipokea kijiko cha kwanza, akakishangaa. Cha pili akakisukuma kwa ulimi. Cha tatu kilimpalia, akakohoa, macho yakajaa maji.

Kabla kikohozi hakijaisha Bibi alikuwa ameshamnyakua. Alimlaza kifudifudi kwenye mkono wake, akampigapiga mgongo kwa nguvu iliyopita kiasi, na midomo yake mwenyewe ilikuwa imekauka.

"Utaniulia mtoto, wewe."

"Mama, amepaliwa tu. Ni meno yanamsumbua."

"Una haraka. Chakula cha mtoto hakitaki haraka."

Bibi akakichukua kikombe, akaenda nacho jikoni na Mzee begani. Muda si muda alirudi na kikombe kitupu na mtoto mwenye midomo inayong'aa, ametulia. Mama alibaki mkekani na kijiko mkononi. Watoto sitini wa watu wengine walikula kutoka mkononi mwake kila siku, na huyu mmoja wa kwake alikuwa akimtapika. Aliona wivu. Hakuuliza huko jikoni kulifanyika nini. Ataulizaje mkwewe namna ya kulisha?

*

Kwenye jiko la shule vitu vyote vilikuwa na kipimo. Upawa mdogo kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, upawa wa kati kwa wa minne na mitano, upawa mkubwa kwa wa sita wanaokaribia kuondoka. Matunda yalikatwa vipande vidogo kwa wadogo na kuachwa mazima kwa wakubwa. Mama aligawa bila kutazama, mkono ulijua wenyewe. Mlinzi wa getini alimpekua mkoba kila alipotoka, kwa sababu mabaki hayakuruhusiwa kutoka nje, na kila mara alitania vilevile, "Mpishi, leo umetuachia chochote?" Mama alikuwa amezoea. Wiki hiyo utani ule ulimchoma.

Katikati ya juma, Madam, mwenye shule, alimwita ofisini na kumwomba afunge mlango. Alizungumza kwa upole uliopangwa. Kuna mzazi alikuwa kliniki siku ile. Ameona kadi, au ameona uso wa nesi, vyovyote vile. Wazazi wanaongea. Wanasema kama mpishi mwenyewe mtoto wake amekonda, wa kwetu wanalishwa nini?

"Wanao wananenepa, Madam. Wapimwe."

"Mimi najua. Lakini mimi siwezi kusimama getini nimweleze kila mmoja." Madam alikuwa akichezea kifuniko cha kalamu. "Nenda ukapumzike. Siku ya kupima ikipita uniletee kadi, tuone. Na mkoba wako, samahani, pitia pale getini kama kawaida."

Mama alipita pale getini kama kawaida. Mlinzi aliufungua mkoba, akaona uso wake, akaufunga bila kutia mkono. Hilo lilimuumiza zaidi kuliko utani.

Alirudi nyumbani kwa miguu, jua bado halijapanda sana, akipanga maneno ya kumwambia Dada atakaporudi shuleni. Maneno yalikuwa makali na kila kona ya barabara aliyaongezea makali. Msichana huyu amemla ndugu yake, na sasa ameila kazi ya mama yake.

Aliingia kwa mlango wa nyuma ili asimwamshe mumewe.

Bibi alikuwa jikoni kwenye kigoda chake, amempa mgongo. Sufuria ya uji ilikuwa mbele yake. Juu ya bakuli alikuwa ametandaza kitambaa cheupe, kile mama alichokiona kila siku kwenye kamba ya nguo na kudhani ni cha kumfutia mtoto. Bibi alichota upawa wa uji, akaumimina kwenye kitambaa, akakusanya pembe zake na kukamua. Alikamua taratibu, kwa subira ya mtu anayefanya kazi ya upendo. Chini yake ulichuruzika uji mweupe, laini, mwepesi kama maziwa. Ndani ya kitambaa lilibaki donge zito la karanga, yai na unga.

Kibonge alikuwa kizingitini na kibakuli chake, amekishika kwa mikono miwili. Bibi alifungua kitambaa, akamtilia machicha yale. Kibonge akala. Kwa siku zote zile harufu ya karanga ilikuwa mdomoni mwake, na hakuna aliyefikiria kumnusa.

"Mama," mke wa mwanawe alisema.

Bibi aligeuka, akatabasamu, akashangaa kumwona saa zile. Hakuficha kitu. Hakujua kama kuna cha kuficha.

"Mama, unachuja uji?"

"Si lazima nichuje? Una madonge. Na kwenye chupa ya chai haupiti."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata wanangu niliwachujia. Mbona umekuwa hivyo? Kaa, kaa chini."

Hakukaa. Alichukua kijiko, akachota uji wa kwenye bakuli, akakiinamisha. Ulikimbia wote, mara moja, ukadondoka sakafuni. Alichota tena. Akainamisha tena. Bibi alitazama matone sakafuni, halafu mtoto aliyelala kwenye mkeka, halafu mashavu ya Kibonge, na polepole mikono yake ikaacha kitambaa.

"Anashiba," alisema. "Nakwambia anamaliza."

"Anashiba maji, mama."

Nyuma yao pazia lilisogea. Baba alitoka, shati la kazi bado mwilini, akauliza kuna nini. Bibi alikuwa anatazama mikono yake.

Bibi alipozungumza, alizungumza na mwanawe zaidi kuliko na mkwewe. Kulikuwa na mtoto mwingine kati ya mwanawe huyu na binti aliyemfuata. Wa kiume. Alikuwa na umri huu wa Mzee, na alikuwa mlafi, mcheshi. Siku hiyo alimpa uji wenye donge, akageuka kuangalia moto. Kugeuka tu. Aliporudi mtoto alikuwa anamtazama, mdomo wazi, na hakukuwa na sauti. Tangu hapo hajawahi kumpa mtoto uji ambao haujapita kwenye kitambaa.

"Mama, hukuwahi kuniambia," baba alisema.

"Ningekwambia nini? Nilikuwa naangalia moto."

Mpishi alikuwa ametoka shuleni na maneno makali mengi, na hakuna hata moja lililokuwa la mtu huyu. Alichutama, akafuta matone ya uji sakafuni kwa kile kitambaa. Alipofuta mara ya pili pale pale palipokuwa pameshakauka, ndipo Dada alipomjia kichwani.

*

Siku zilizofuata nyumba ilipumua kwa shida. Mama alipika uji na kuuponda mwenyewe kwa mwiko mpaka madonge yakaisha, akaanza na mwepesi kidogo, kesho yake mzito kidogo zaidi, mpaka Mzee akajifunza kwamba chakula ni kitu cha kusukuma nyuma kwa ulimi, si cha kunywa. Bibi alikaa pembeni, na kila kijiko kilipoingia, koo lake yeye ndilo lililomeza. Kila mtoto alipokohoa, mkono wake uliruka. Mara moja alitoka nje kabisa, akasimama kwenye uzio mpaka alipoitwa.

"Mume wangu kamaliza?" aliuliza kutoka nje.

"Kamaliza. Njoo umwone."

Siku ya tano Bibi alikipokea kijiko, akamlisha mwenyewe. Kibonge, aliyepoteza machicha yake, aligoma siku nzima na kutangaza kwamba anahama.

Dada aliambiwa. Aliambiwa kwa juu juu, baba ndiye aliyemwambia, kwamba imegundulika ni kitambaa. Msichana akasema sawa. Mama hakumnusa tena. Mara nyingi alimwita, Dada akaja, na mama akajikuta anamtuma chumvi, au maji, au kumtazamia Mzee. Maneno aliyoyatafuta yalikuwa madogo, ya kawaida, ambayo watu huyasema hata wakikanyagana njiani, na hayakutoka. Dada aliendelea kuacha nusu ya sahani.

Siku ya kupima, mshale ulisogea. Si sana. Nesi aliuangalia mara mbili, akaweka nukta, na mstari, badala ya kushuka, ukapinda kwenda juu kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Akasema wodini hawaendi, lakini warudi baada ya wiki mbili nyingine. Mzee safari hii alilia, alilia kwa hasira mpaka benchi likacheka, na Bibi, aliyekuwa amejikokota na miguu yake mpaka huko, akafuta machozi ya wote wawili kwa pembe ya kanga moja.

Kutoka kliniki mama alipita shuleni na kadi. Madam aliisoma mbele na nyuma. Alisema ni habari njema, na kwamba atazungumza na wazazi, na kwamba atampigia. Jikoni kulikuwa na mtu mwingine; sauti ya upawa ilisikika ikigonga sahani bila mpangilio.

*

Jioni ile mama alipika uji wa karanga sufuria nzima. Aliponda mayai mawili. Wakati Mzee analishwa na bibi yake na baba anajiandaa kwenda zamu, alichukua bakuli kubwa, lile la baba, akalijaza mpaka ukingoni, akampelekea Dada kizingitini alipokuwa amekaa na daftari zake.

"La nani?" Dada aliuliza.

"Lako."

"Lote?"

"Lote. Kula."

Msichana aliangalia ndani ya nyumba, kama kuna mtu wa kumuuliza. Kisha akala. Alikula mwanzoni kwa adabu, halafu haraka, halafu akainamia bakuli na asionekane uso, na mama, aliyerudi jikoni na kujifanya anakoroga, alisikia kijiko kikikwangua chini. Miaka yote alijua upawa wa mtoto wa mwaka mmoja, na wa minne, na wa sita. Hakuwahi kuuliza wa miaka kumi na miwili ni upi. Kwenye chati ya shule umri huo haukuwapo, kwa sababu watoto wa shuleni kwake hawakuufikia.

Nyayo zikaja. Dada alisimama mbele yake na bakuli tupu mikononi. Alidhani, kwa kuwa mama amegeuka kumtazama, kwamba anasubiriwa anuswe. Akainua uso, akafumba macho, akafungua mdomo.

Karanga zilinukia jiko zima.

Mama alisimama na mwiko mkononi. Alilichukua bakuli kutoka mikononi mwa binti yake, akageukia sufuria, akalijaza tena.